Kabichi ya Bwana Li

Napenda pilipili, na sioni haya kusema. Wanangu wananicheka kwamba mama yao, bibi mzima mwenye wajukuu, anazijua hoteli za Kithai na za Kikorea za Dar es Salaam kuliko vijana wa ofisini kwao. Ni kweli, wacha wacheke. Mkwe wangu ndiye alinipeleka Masaki mara ya kwanza, akidhani nitaagiza wali kuku nikae kimya, nami nikamaliza bakuli zima la supu ya Kithai, kamba na mchaichai na pilipili nyekundu zinaelea juu, jasho linanitiririka mpaka shingoni, nikaomba jingine. Tangu siku hiyo nikiamka moyo mzito napanda bajaji naenda kula moto. Kwa Wathai naenda kwa raha tu, maana ukali wao una ndimu na sukari ndani, unakuchapa huku unakubembeleza. Kwa Wakorea ni habari nyingine. Kuna mama mmoja wa Kikorea ana hoteli ndogo Mikocheni, na hata hujaagiza kitu anakuwekea visahani mezani: mchicha wa ufuta, dagaa waliokaangwa na sukari, na kabichi nyekundu iliyochachuka. Kabichi hiyo nikiitia mdomoni siko Mikocheni tena. Niko Ifakara, Kibaoni, kwenye jiko la uani la nyumba ya wataalamu, mikono inaniwasha mpaka viwikoni, na Tekla yuko mbele yangu anacheka.

Tekla mwenyewe nimeonana naye mwezi uliopita. Alikuja mjini kutibiwa mtoto wa jicho, mwanawe Fideli akamleta kwangu alale siku za kliniki. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisikiana kwa salamu za watu tu. Nikampeleka kwa yule mama wa Mikocheni bila kumwambia tunakwenda kula nini. Sijui kama nilifanya vizuri. Lakini yaliyotokea pale mezani hayataeleweka nisiposimulia kwanza mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulipokuwa mabinti wa jikoni mimi na yeye.

Mimi nilitokea kwenye mashamba ya miwa, na habari za kwetu haziingii humu. Nilipata kazi kwenye ile nyumba kwa kuwa nilijua kufua na kupiga pasi. Wenye nyumba walikuwa mabwana kutoka Korea ya Kaskazini, wataalamu wa mpunga, waliokuja kusaidia mashamba ya bondeni. Walikuwa watu wa adabu na ukimya. Walikwenda wawiliwawili popote, hata kununua kiberiti. Sebuleni kulikuwa na meza ndefu, na ukutani picha mbili za viongozi wao, zinafutwa vumbi kila asubuhi kabla ya chai. Kuzifuta ilikuwa kazi yao wenyewe. Sisi tulikatazwa hata kuzielekezea ufagio. Jikoni mkuu wetu alikuwa Mama Leonia, mjane wa Kipogoro, mnene, mpole, mwenye sauti ya kuimba kwaya na mkono mzito kwenye mwiko. Tekla alikuwa wa kwao huko Mahenge, alivushwa mto akiwa bado mdogo kuja kukaa na Mama Leonia, na alimwita mama. Tulilala chumba kimoja mimi na Tekla, kitanda cha kamba kimoja, yeye rozari yake ukutani na mimi mkeka wangu wa kusalia chini. Nguruwe ikipikwa aliishika yeye, na mimi siku hiyo nilisugua sufuria za wengine wote. Hatukuwahi kugombana kwa hilo.

Bwana Li alikuwa mdogo kuliko wataalamu wote, mkalimani wao. Kiswahili alikisomea kwao, kwa hiyo alikiongea kama kitabu: "Tafadhali, naomba mnipatie kisu kilicho kikali." Tulimcheka mpaka tukamzoea. Jambo lililompendeza Mama Leonia ni salamu zake. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa jiko, mikono mapajani, anainama kabisa, "Shikamoo, mama," na Mama Leonia anaacha kila kitu kumjibu, "Marahaba, baba, umelala salama?" Mpishi wao wa Kikorea aliporudishwa kwao, ikabidi Bwana Li atufundishe sisi kutengeneza kabichi, maana wale mabwana bila kabichi yao hawakuona kwamba wamekula. Mbegu walikuja nayo, wakaiotesha kwenye bustani kando ya mto Lumemo, kabichi ndefu zisizofunga vizuri kwa sababu ya joto letu. Unaipasua katikati, unatia chumvi jani kwa jani, hasa kule kwenye shina, unaiacha ilegee, unaiosha, kisha unaipaka rojo la pilipili ya kusaga, saumu, tangawizi na dagaa waliotwangwa. Halafu inashindiliwa mtungini na mtungi unafukiwa chini ya mpera palipo na ubaridi. Bwana Li alituambia kwao kazi hiyo wanaifanya wanawake wa mtaa mzima kwa pamoja, na mama yake alikuwa akikunja jani moja bichi lenye rojo na kumtia mdomoni kwa mkono wake. Sisi alitukunjia akatuwekea kwenye sahani. Mimi nilipiga chafya hadi machozi. Mama Leonia alitema. Tekla alitafuna taratibu, akameza, akanyoosha sahani aongezewe.

"Dada Tekla, wewe umezaliwa kwetu," Bwana Li akasema, na akacheka kwa sauti, kitu ambacho hatukuwahi kukiona kwa yeyote kati yao.

Maneno hayo Mama Leonia aliyashika. Lakini wakati ule yalikuwa mzaha tu, na miezi ile ya mwanzo ilikuwa mizuri. Jumamosi alikuja Deo, mtoto wa pekee wa Mama Leonia, kijana wa reli huko Mlimba, anashuka na treni na mkungu wa ndizi begani. Anakaa kwenye kinu mlangoni, anatusimulia vituko vya abiria, anamchokoza Tekla kwamba ataishia kukiongea Kikorea. Mama yake anamwekea wali na kambale, naye anaomba limau badala ya pilipili. Nasikia mpaka leo vile mafuta yalivyokuwa yakilia kwenye kikaango na wale wawili wakitupiana maneno, na Mama Leonia katikati yao akijifanya kakasirika.

Sasa niseme habari ya chumvi. Kwa wanawake wa upande wa Mahenge, na kwa wengi wa bonde lile, mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi kwenye chakula cha watu. Hatangazi. Anasogeza tu kopo la chumvi kwa mwenzake, au anasema, "Nitilie chumvi," basi, imeeleweka, na hakuna anayeuliza. Mimi nilikulia kambi ya wakata miwa, kwa watu wa kila kabila, sikuyajua hayo. Wiki ya kwanza Tekla aliponiambia "nitilie chumvi" nikamjibu kwa nini asitie mwenyewe, ana mikono, na Mama Leonia alinifinya paja. Baadaye nikazoea, nikaona hata uzuri wake. Na kwa kuwa kabichi ya Kikorea ni chumvi kabla ya kitu kingine, kazi ile ilitufanya tujuane miezi yetu kuliko ndugu wa tumbo moja. Tekla akipumzika natia chumvi mimi, mimi nikipumzika anatia yeye. Mama Leonia alishavuka mambo hayo, alikaa tu kwenye kigoda chake akichambua mchele na kutuangalia.

Ilikuwa baada ya mvua, Lumemo imejaa na bustani nusu iko majini, tumeokoa kabichi tulizoweza. Tekla alikuwa amepiga magoti kwenye karai, anatia chumvi jani kwa jani, kimya. Mama Leonia aliacha ungo wake.

"Tekla."

"Abee, mama."

"Mwezi uliopita chumvi ulitia wewe."

Tekla alifungua jani jingine.

"Na uliotangulia ulitia wewe. Na leo unatia wewe. Zuhura ametia lini?"

Niliulizwa mimi lakini macho yalikuwa kwa Tekla. Mikono yake ilisimama ndani ya kabichi. Mama Leonia hakupandisha sauti, hakumtukana. Alinyanyuka akamfuta mikono kwa upande wa khanga yake, akamwongoza ndani, na mimi nikabaki na karai. Nilichosikia kupitia ukutani ni sauti ya Mama Leonia ikiuliza swali lilelile tena na tena, "Ni nani, mwanangu, nani," na kilio kisichosema jina. Jioni hiyo Tekla alilala amenipa mgongo. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Zuhura, niache." Nikamwacha.

Kwa Mama Leonia jibu lilikuwa wazi, na hata leo siwezi kumwita mjinga. Aliona kijana anayemchekea binti, aliyesema amezaliwa kwao, anayeshinda naye jikoni na karai la kabichi. Aliona pia kwamba wataalamu walikuwa wameanza kufunga masanduku, mkataba wao unakwisha. Nilimsikia akimwambia mzee wa jumuiya yao ya kanisa pale uani, "Wakiondoka hawa, huyu mtoto atamwita nani baba? Mimi ndiye mama yake ng'ambo hii ya mto. Nitaipeleka mimba kwa wenyewe, kwa heshima, kama inavyopelekwa." Kupeleka mimba kwetu si ugomvi. Wazee wanamchukua binti, wanaenda naye kwa wazee wa kijana, wanasema tumewaletea mzigo wenu. Kijana anakubali au anakana, kunatozwa kitu, pengine inakuwa ndoa. Baya kabisa ni aibu ya wiki kadhaa. Mama Leonia alijua hivyo, na hakujua vingine. Wiki hiyohiyo, Jumapili, padri alikuwa ametangaza kanisani ndoa ya Deo na binti mmoja wa Mlimba, tangazo la kwanza, na Mama Leonia alirudi kutoka misa akiwa na furaha upande mmoja na uchungu upande mwingine. Tekla siku hiyo aliunguza wali.

Walikwenda asubuhi, Mama Leonia kavaa khanga mpya, mzee wa jumuiya na koti lake la kanisani, na Tekla katikati kajifunika kichwa. Mimi niliambiwa nilete chai sebuleni, ndiyo maana niliyaona. Mkuu wa wataalamu, mzee mwenye mvi na beji yake ndogo kifuani, alikaa mwisho wa meza ndefu chini ya zile picha. Hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Pembeni yake, kama kila siku, alisimama mkalimani wake, yaani Bwana Li. Hakuna mtu aliyekuwa amelifikiria hilo.

Mama Leonia aliongea vizuri, kwa upole, akianza na shukrani kwa kazi na mkate. Kisha akasema mambo ya mimba, akamtaja mwenye nayo. Bwana Li alikuwa akitafsiri sentensi baada ya sentensi, na alipofika hapo akanyamaza. Nilikuwa na sinia mkononi, sikujua pa kuliweka. Yule mkuu alimtazama, akangoja. Bwana Li hakumtazama mkuu wala Mama Leonia. Alimgeukia Tekla pale chini kwenye mkeka.

"Dada Tekla," alisema, na Kiswahili chake siku hiyo hakikuwa cha kitabu. "Sema. Nakuomba useme."

Tekla aliinamisha uso. Mzee wa jumuiya naye akamuuliza kwa taratibu zetu, "Binti, ni huyu?" Akanyamaza. Kwetu binti akiulizwa mbele ya wazee akanyamaza, amekubali. Hatazamiwi kujibu kwa mdomo. Mzee akaitikia kwa kichwa na kusema, "Basi tumesikia." Bwana Li angeweza kutafsiri lolote. Angeweza kusema hawa wanaomba kuongezewa mshahara, na nani angejua? Lakini aliweka mikono mapajani, akainama kwa mkuu wake, akasema maneno marefu kwa lugha yao bila kunyanyua kichwa. Nadhani alitafsiri yote. Yule mkuu alibadilika rangi. Alijibu kwa ufupi sana. Bwana Li akatugeukia akasema, "Mkuu amesikia. Anasema asante, mama, na nyinyi wazee. Mnaweza kwenda." Mama Leonia alitoka akiwa na amani. Njiani alimwambia Tekla, "Umeona? Ni watu wenye adabu."

Kesho yake wataalamu wawili walikuwa mlangoni kwa Bwana Li tangu alfajiri. Kabichi za mwisho tulizookoa zilikuwa kwenye karai, bado hazijatiwa chumvi, Tekla hakuja kazini, mimi nilikuwa peke yangu nawasha moto. Bwana Li aliingia jikoni na mmoja wa wale wenzake nyuma yake, huyo akabaki kizingitini. Alinawa mikono, akapiga magoti, akatia chumvi jani kwa jani, hasa kule kwenye shina, taratibu kama siku zote. Nami niliendelea kuchochea moto, kwa kuwa mimi pia niliamini ni yeye. Alipomaliza alinionyesha kwa kidole kivuli cha mpera. "Dada Zuhura, tafadhali usiruhusu jua liufikie mtungi." Gari lilikuwa linanguruma nje. Mama Leonia alikuwa ndiyo anafika, na Bwana Li alisimama, mikono mapajani, akainama kabisa, "Shikamoo, mama." Mama Leonia akaitikia. Alidhani anakwenda mashambani. Wiki nzima aliuliza atarudi lini, mpaka dereva alipomwambia pembeni kwamba yule kijana kapelekwa Dar akapandishwa ndege, na kwamba wenzake hawalitaji tena jina lake mezani. Mama Leonia akasema, "Kwa mimba tu?" Dereva akasema, "Mama, kwao si mimba tu, ni kuisaliti nchi."

Mtungi ule tuliufukua. Tuliwapelekea wale mabwana mezani, na hakuna aliyegusa. Nikala mimi, siku kadhaa, peke yangu jikoni, nikilia na kula, na nadhani ndipo nilipojifunza kupenda ukali ule. Wataalamu waliondoka wote kabla ya mavuno, nyumba ikafungwa. Tekla alijifungua kwa Mama Leonia, na kama ilivyo desturi Mama Leonia ndiye alimwogesha mtoto, nami nikimwaga maji. Kila mtu uani alikuwa anasubiri kuona macho na nywele. Mtoto alikuwa mweusi kama sisi. Mama Leonia alimgeuza ubavu kumsugua mgongo, akaona sikio la kushoto, limekunjika kwa juu kama limekanyagwa. Akaacha kusugua. Akavua kilemba chake kwa mkono wenye maji, akajishika sikio lake mwenyewe la kushoto, lile lililokunjika ambalo Deo naye analo na tulizoea kumtania nalo. Alikaa chini kwenye matope ya kuogeshea, mtoto mapajani.

"Nimepeleka mtoto wa watu," alisema. "Mama yake yuko huko anamngoja, na mimi nimempeleka."

Sikuwahi kumsikia akimlaumu Tekla. Binti angesemaje mbele yake, "Ni mwanao," na ndoa imetangazwa? Mimi nilimlaumu, kwa miaka, na bado kuna siku namlaumu. Angesema neno moja tu pale kwenye mkeka, hata la kukana tu, bila kumtaja Deo. Mama Leonia alienda ofisi zote za Ifakara akitafuta anwani ya kupeleka barua Korea, akaambiwa hakuna. Alikufa akiwa bado anamwombea misa kila mwaka, padri akiuliza jina la ukoo anasema halijui.

Basi huyo ndiye Tekla niliyempeleka Mikocheni, jicho moja limefunikwa pamba. Fideli alikuwa ameniambia nyumbani kwao, kando ya Lumemo, hakuingii pilipili, amekua hajui ladha yake. Visahani vikaja. Tekla aliinua kile chekundu akakisogeza karibu na jicho zima, akanusa. Nilidhani atanyanyuka aondoke.

"Hii chumvi kaitia nani?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe," yule mama wa Kikorea akasema, maana Kiswahili cha kazi anakijua. "Unapenda?"

Tekla alirudisha kisahani mezani. "Dada, kwenu mtu akimkosea mwenzake anaombaje msamaha?"

Yule mama akataja neno fupi, jepesi.

"Hilo la kukanyagana njiani? Mimi nataka la kosa kubwa."

Yule mama alinitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa. Akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti. Akaeleza kwamba kwao inategemea, kama shikamoo yetu, unamwambia nani. "Huyo mtu mkubwa kwako? Au mdogo kwako?"

Tekla alikizungusha kisahani kwa kidole.

"Wakati ule alikuwa mkubwa kwangu kidogo," alisema. "Sasa sijui. Inategemea walimwacha aishi mpaka umri gani."

Nilisema, "Mpe la mkubwa," na akampa, neno refu, pole pole, kipande kwa kipande. Tekla alilirudia akakosea, akarekebishwa, akalirudia mpaka mwenye lugha akatulia. Kisha alilisema tena peke yake, kwa kile kisahani, mikono kaiweka mapajani na kichwa kakiinamisha kabisa. Kuinama huko hakufundishwa na yule mama. Halafu akala, kisahani chote, na akakinyoosha aongezewe.